Mgongo wa Babu Reino

Hancock, Michigan
8 Novemba 1981

Bibi Saima mpendwa,

Nakusalimu kutoka nyumba mliyokulia wewe na kaka yako, nikiomba barua hii ikukute mzima na goti likiwa limetulia. Sisi huku tunajikongoja. Theluji imeshafika dirisha la jikoni, ng'ombe wa mwisho aliuzwa Agosti, na mama yangu anakusalimu kutoka Detroit, ambako amepata kazi ya pili na hana nafasi hata ya kulalamika. Mimi nilihamia kwa Babu mwezi uliopita. Maktaba ninayofanyia kazi kule Marquette wamenipa ruhusa mpaka mwanzo wa Mei, kwa sababu tangu Bibi Helmi afariki, Babu alikuwa akila viazi vilivyopoa, tena akiwa wima.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ngozi yake. Kuanzia magoti kushuka imepauka na kupasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Juzi nilimkuta akijisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango, fahali mtupu. Shuka zake nazifua zina damu. Nesi wa wilaya, Doreen, aliona kidonda kwenye muundi wa mguu wa kushoto akamwambia bila kuzunguka: "Mzee Kangas, kidonda hiki kikiingia uchafu, hukai tena hapa. Tutakutafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee." Babu akamjibu, "Kahawa yako inapoa, mama," akatoka kwenda kupasua kuni.

Huyu ni mtu aliyejenga ghala peke yake akiwa na mkono mmoja umefungwa bendeji. Nikimtazama anavyobeba kuni kwa miguu ile, namheshimu na kumhurumia papo hapo. Kumtoa hapa ni kumuua. Mama anasema ngozi yako na yake ni moja, basi nifundishe.

Mjukuu wako,
Irja


Lake Worth, Florida
19 Novemba 1981

Irja,

Salamu zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi ni mzima. Jua ni lilelile, halina habari mpya. Nimeoka mkate wa iliki, ukaungua chini, nikaula hivyohivyo.

Ngozi ya akina Kangas haina shukrani. Baba yetu alikuwa akipasuka visigino mpaka tulimjua anapopanda ngazi kwa namna alivyokanyaga. Sikiliza sasa. Jiko la kuni linanyonya unyevu wote wa nyumba, kwa hiyo weka sufuria pana la maji juu yake na usiliache likauke. Ile suruali ya ndani ya sufu anayoipenda inamkwangua. Mvalishe pamba kwanza, sufu ije juu. Mkate kucha, hata kama atanuna. Halafu nenda zizini, rafu ya kushoto, utakuta mafuta ya kukamulia kwenye kopo la kijani. Yaliwafaa ng'ombe chuchu zao zisipasuke katika baridi ile, na yeye yatamfaa. Usinunue losheni za manukato. Zinawasha, na mwisho wake anukie kama bibi harusi.

Umenieleza anavyojikuna, hukunieleza anavyooga. Anaogaje? Na mgongoni anapakwa na nani?

Usidhani naulizia hali yake. Naulizia ngozi.

Saima


Hancock
4 Desemba 1981

Bibi Saima mpendwa,

Pole na mkate. Hapa tunaendelea. Jirani Waino anatuletea maziwa, na kila akija anasimulia jinsi gari lake lilivyoteleza mtaroni, ila kila mara mtaro unazidi kina.

Sufuria lipo jikoni linafuka mvuke tangu barua yako ilipofika. Kucha nimezikata, alinuna siku nzima. Pamba amekubali baada ya mimi kuificha ile sufu na kusema imeliwa na panya. Alinitazama akasema, "Panya wa Marquette, hao."

Umeuliza kuoga. Bibi, anawasha sauna kila siku. Si Jumamosi tu kama zamani. Kila siku saa tisa mchana anachochea moto katika kile kibanda cha mvuke mpaka mawe yanakuwa mekundu, anakaa humo saa nzima, kisha anajisugua kwa sabuni kali ya lami ya msonobari na brashi ya sakafu. Mwanzoni nilifurahi. Kwetu mtu akikohoa, sauna, akiteguka, sauna, akifiwa, sauna. Nikasema huyu anajitibu, nami nikawa namwongezea kuni. Wiki iliyopita ndipo nilipomwona akitoka, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na miguu imefunguka nyufa mpya.

Nikaificha sabuni. Akatembea kwa miguu mpaka dukani, kwenye theluji, akanunua nyingine mbili. Hakunigombeza. Aliziweka mezani mbele yangu, zikiwa zimepangwa vizuri.

Kuhusu mgongo, hapakwi na mtu. Mafuta anasema ni ya ng'ombe, na ng'ombe wameuzwa. Nimwambieje aiache sauna?

Irja


Lake Worth
16 Desemba 1981

Irja,

Nakutakia Krismasi yenye amani wewe na huyo mnunua sabuni. Hapa wameweka taa kwenye minazi. Ukizitazama sana unasikia kizunguzungu.

Usithubutu kumwambia aiache. Mama yetu alituzaa humo ndani, mimi na yeye. Helmi naye alimzaa mama yako humo humo. Ukimwambia Reino Kangas sauna inamdhuru, ataingia na kufunga kwa ndani. Mwachie sauna, umpunguzie ukali wake. Kuni zilizo kavu sana zifiche, umpe zile mbichi kidogo, moto utakuwa mpole. Atie maji mengi kwenye mawe ili mvuke uwe wa kulowesha. Akae kidogo atoke. Sabuni ni ya makwapa na nyayo, kwingine maji yanatosha. Brashi itupe motoni iungue. Ajikaushe kwa kujigusagusa na taulo, asijisugue, na kabla ngozi haijakauka yote apakwe mafuta mazito. Mafuta hayaleti maji, Irja. Yanayafungia ndani yale yaliyopo. Ukimpaka akishakauka, umefungia ukavu.

Sasa nikwambie jambo. Mwaka mmoja, majira ya baridi, nilikuja kuwatembelea, mama yako akiwa msichana. Kila Jumamosi Reino na Helmi walitoka sauna wakabaki kwenye kile chumba cha kuvulia nguo mpaka kahawa ikapoa. Nikasema moyoni, watu wazima hawa, hawana haya. Nikaenda kugonga mlango. Helmi akaniambia, "Subiri bwana, nampaka huyu." Nilisahau hilo kwa miaka. Nilipokuja kwenye maziko yake nikakuta chini ya benchi makopo ya kijani, matupu, yamepangwa mpaka ukutani, na bado sikufikiri. Umeniandikia ndipo nimefikiri. Sisi sote tulikuwa tukisema Reino ana bahati, ngozi ya ukoo imemruka. Kumbe ni mikono ya Helmi, kila baridi, na hakumwambia mtu. Nimekaa na jambo hili siku mbili. Yule mwanamke nilikuwa nikimwona mpole tu.

Mimi mgongo wangu naupaka kwa mwiko uliofungwa kitambaa. Unafika karibu pote. Mfundishe naye, kama hataki mkono wa mtu.

Saima


Hancock
27 Januari 1982

Bibi Saima mpendwa,

Natumaini hujambo. Sisi ni wazima. Theluji imeanguka sana, Waino amelazimika kutoka kwa dirisha la juu. Kumekuwa na upepo kutoka ziwani. Nimejaribu mkate wa iliki kwa kipimo chako na umeumuka vizuri. Mama anasalimu. Paa la ghala limeshikilia. Baridi imezidi ya mwaka jana, watu wote wanasema hivyo.

Nitaandika zaidi.

Irja


Lake Worth
5 Februari 1982

Irja,

Umekaa kimya karibu miezi miwili, kisha umenieleza habari za theluji. Mimi nimekulia kwenye theluji hiyo, naijua. Mkate umeumuka, paa limeshikilia, na kaka yangu hata jina lake hukulitaja.

Kama amekufa, niambie. Kama hajafa, niambie pia.

Saima


Hancock
14 Februari 1982

Bibi Saima,

Nisamehe. Hajafa. Sikuweza kuandika, kwa sababu ningeandika ingekuwa kweli.

Wiki ya Mwaka Mpya alitupa ule mwiko, akasema yeye si uji. Akarudi kwenye brashi yake. Siku chache baadaye mguu ukavimba, ukawa wa moto, mstari mwekundu ukapanda mpaka juu ya goti, na homa ikamfanya aniite Helmi. Waino na mimi tulimvuta kwa sleji ya mbao juu ya theluji mpaka barabarani. Alilala hospitali wiki mbili na siku kadhaa. Doreen na mama wameshaongea kwa simu: ngozi ikiwa bado imefunguka ifikapo katikati ya Machi, anakwenda nyumba ya wazee. Mama alilia alipokuwa ananiambia, kwa hiyo siwezi hata kumchukia.

Sasa yuko nyumbani. Nimekaa na barua yako ya Desemba mfukoni tangu ilipofika, nikiogopa kumwambia ulichoniandikia juu ya Bibi Helmi. Jumamosi iliyopita nilichukua kopo la kijani, nikaingia kwenye chumba cha kuvulia nguo, nikakaa kwenye benchi nikimngoja. Alitoka amejifunga taulo, akaniona, akasimama.

"Hapo pana mwenyewe," akasema.

Nikasogea nikamwachia nafasi Bibi Helmi. Tukakaa hivyo, mimi, nafasi, na yeye.

Nikamwambia, "Babu, najua alikuwa anakupaka."

"Nani kakwambia?"

"Bibi Saima. Siku ile aligonga mlango."

Akacheka. Bibi, sijamsikia akicheka tangu niingie nyumba hii. "Saima huyo," akasema, "hata tumboni alikuwa anapiga hodi." Maji yalikuwa yakimchuruzika mabegani. Nikafungua kopo. Akalisukuma.

"Sikuwa napakwa bure," akasema. "Yeye ananipaka mgongo na miguu, mimi nampaka mikono. Alikuwa anafua kwa maji ya barafu, mikono yake ilikuwa inapasuka mpaka inatoa damu kwenye unga. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Wewe unataka nikae kama ng'ombe, nipakwe, niseme muu?"

Nikamwonyesha mikono yangu. Hakuna kilichobaki salama hapo, kwa kubeba kuni na kufua zile shuka. Akaivuta karibu na taa, akaitazama mbele na nyuma kama anakagua shoka. "Mbona hukusema?" akaniuliza. "Mjinga wewe."

Akanipaka yeye kwanza. Anaanzia katikati ya vidole, huko ambako hakuna anayekumbuka, kisha viganja, na mwisho anazunguka kila ukucha kwa dole gumba. Mikono minene ile, iliyokata nusu ya msitu huu, na sikusikia uzito wake. Ndipo nikajua Bibi Helmi alipata nini hapo miaka yote. Nililia, yeye akajifanya ni mvuke.

Halafu akanigeuzia mgongo. Sasa ni kila siku. Sauna fupi, moto mpole, brashi imeungua. Machi katikati si mbali na naogopa.

Na wewe, Bibi? Mbona hukubaki huku baada ya maziko? Mama anasema ulikuja na nguo za miezi sita.

Irja


Lake Worth
23 Februari 1982

Irja yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, nikakaa kwenye ukingo wa barabara kumalizia. Mwanamume mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina mjukuu, aendelee na safari.

Wewe ni mtu wa kusifiwa, nami si mwepesi wa kusifu. Mimi nilimjua kaka yangu kwa miaka sabini na sikujua mlango wake uko wapi. Wewe umeukuta, ukakaa kando yake ukangoja. Na yeye nimpe haki yake: mtu kaumwa vile, kaogopeshwa vile, na bado anaulizia mikono ya mwenzake.

Endelea vilevile. Kidonda chenyewe kiguswe na dawa ya hospitali tu, mafuta yazunguke pembeni. Usiku mvalishe soksi za pamba juu ya mafuta. Anywe maji, kahawa isihesabiwe. Akiwashwa, kitambaa chenye maji ya baridi, si kucha.

Mkate wa iliki, mara ijayo ongeza yai la pili.

Saima


Hancock
19 Machi 1982

Bibi Saima mpendwa,

Nimeongeza yai. Nimeelewa pia kwamba hukunijibu.

Doreen alikuja Jumatatu. Babu alivaa shati safi, akaketi jikoni, akapandisha suruali kabla hajaombwa. Doreen akavaa miwani, akapitisha vidole kutoka goti mpaka kifundo, mguu huu, kisha ule. Kidonda kimebaki kovu jembamba la waridi. Magamba hakuna. Akamwinulia shati akatazama mgongo toka juu mpaka chini. "Mzee Kangas," akasema, "ngozi hii ningeitaka mimi." Babu akamwambia, "Tafuta wa kumpaka kwanza." Na kahawa safari hii akammiminia mwenyewe.

Anabaki. Doreen amempigia mama tukiwa tunasikia.

Lakini Doreen hakuondoka kabla hajaniuliza la pili: nani atampaka nikiondoka? Mimi narudi kazini Mei. Ngozi ya hivi, amesema, haiponi ikaisha. Inatunzwa, na baridi ya huku inaanza Oktoba. Mgongo wake hawezi kuufikia, nyayo hawezi kuziinamia. Asipokuwa na mtu ndani ya nyumba, yale ya Januari yatarudi. Nikasema nitaiacha kazi. Babu akapiga meza kwa kiganja. "Huachi," akasema. "Sikukupaka mikono ili uje uizike hapa."

Nikamuuliza, basi nani? Akaenda kupasua kuni. Jioni yake, nampaka, nikamuuliza kwa nini hukubaki. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno.

"Nilishuka asubuhi nikakuta ameshafunga mkoba wake wa safari, uko mlangoni. Nikamwambia atachelewa basi. Ungetaka nimwambie nini? Mtu ameshafunga mkoba, unamwombaje abaki?"

"Ungemwomba tu, Babu."

"Na akikataa?"

Bibi, nimezisoma tena barua zako zote. Hakuna jina la mtu hata mmoja wa huko ndani yake. Kuna jua, minazi, mkate ulioungua, na mwiko uliofungwa kitambaa. Sitasema zaidi, nisije nikagonga mlango usio wangu.

Irja


Lake Worth
28 Machi 1982

Irja,

Mwambie kaka yangu nilifunga mkoba kwa sababu usiku ule nilimsikia akizunguka jikoni, nikadhani anangoja niondoke apate kulia. Nikauweka mlangoni auone, aseme nibaki. Akasema nitachelewa basi. Sikuchelewa. Nilikaa kituoni tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, na kila gari lililopita nililitazama.

Hapana, usimwambie hilo. Nitamwambia mwenyewe.

Nimetoa notisi kwamba chumba hiki nakiacha. Nitafika Hancock Jumamosi ya mwisho ya Aprili kwa basi la jioni. Unipokee wewe au Waino, ila Waino asiendeshe. Usiseme nakuja kumwangalia, maana atavaa shati safi na kunikaribisha kama Doreen. Sema tu kwamba mgongo wangu umepauka, na mtu wa kunipaka huku sina. Hilo ni kweli, na ni la kwanza la kweli kuhusu mimi nililoliandika tangu Novemba.

Na chumba cha juu, kile chetu cha utotoni, usinitandikie kama mgeni. Toa vitu vyote kwenye kabati. Nikiingia nitaufungua mkoba palepale, mlango wazi, yeye akiwa ananitazama, nitundike nguo moja baada ya nyingine mpaka ziishe. Kisha nitampa mkoba wenyewe aupeleke darini.

Saima